Upande wa Kichwa

Habari ilimkuta Dobi akikagua shuka la mteja kabla ya kulipiga pasi. Hakuwa mtu wa kuharakisha kazi hiyo. Alilinyanyua shuka juani, akaligeuza huku na huku akitafuta madoa, kwa sababu sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba doa la mafuta huoshwa kabla ya moto. Likiguswa na pasi, alikuwa akiwaambia wateja wake, limeshaolewa. Hata ulipe mahari mara mbili, halirudi kwao.

Aliyeleta habari alikuwa Muuza Mkaa, jirani yao, ambaye hakuwa na tabia ya kukimbilia kitu chochote, hata mteja. Alipomwona anakuja mbio, ndara moja mguuni na nyingine mkononi, Dobi alijua mambo yameharibika.

"Shemeji, weka hiyo nguo chini."

"Nani?"

"Mnoaji. Lori la mchanga limempitia pale barabarani. Yu hai! Usinitolee macho hivyo, nimesema yu hai. Twende, nimeacha mkokoteni kule kule."

Mnoaji ndiye mumewe. Kazi yake ilikuwa kunoa visu na mapanga kwa baiskeli aliyoifunga kijiwe cha kunolea juu ya gurudumu la nyuma. Akiisimamisha na kukanyaga pedali, kijiwe kinazunguka na cheche zinaruka. Mamake Mnoaji alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Aliposikia aliinuka, mchele wote ukamwagika.

"Kamwiteni Serikali!" alilia. "Mwiteni mwanangu Serikali!"

Serikali alikuwa mwanawe wa mwisho, konstebo katika Kituo cha Sokoni. Jina hilo alipewa na mama siku alipovaa sare, na ua zima likalipokea kwa kicheko. "Serikali imelala," walisema wapangaji alipokoroma. "Serikali imeishiwa sabuni," walisema alipokuja kuazima. Alilala chumba cha mbele, alikula kwa kakake, na kila jioni Dobi alimfulia shati lake la kazi. Alikuwa nalo moja tu. La pili lilikuwa limetolewa kwa mujibu wa daftari la stoo ya jeshi la polisi, na sahihi yake ilikuwepo, ila shati lenyewe hakuwahi kuliona.

Barabara ile ya lami ilitenganisha mitaa miwili. Huku ni Sokoni, kule ni Reli. Mnoaji alikuwa amelala kifudifudi katikati, mstari mweupe ukipita chini ya mkanda wake: kichwa na kifua upande wa Sokoni, miguu upande wa Reli. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia pasipogeukiwa na mguu. Baiskeli ilikuwa imerushwa ikajikunja mbele ya duka la Muuza Mbegu, upande wa Sokoni, mnyororo umening'inia, kijiwe kimepasuka. Lori halikusimama.

Watu walikuwa wamejaa. Ng'ambo alisimama askari wa Kituo cha Reli, ncha za viatu vyake zikiishia kwenye mstari kama mtu aliyefika ukingo wa bwawa.

"Afande, tusaidie kumnyanyua," alisema Dobi.

"Mimi ni wa huku, mama."

"Miguu yake si iko huko kwako?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wenye woga. Askari hakucheka, wala hakusogea. Muuza Mkaa akamwaga magunia yake chini, wakampandisha Mnoaji kwenye mkokoteni, mweusi kwa vumbi la mkaa na mwekundu kwa damu yake mwenyewe.

"Baiskeli," alinong'ona Mnoaji.

"Iache," akasema mkewe. "Nani ataiba uchafu ule? Tena wanasema isiguswe, ni ushahidi."

*

Hospitalini nesi aliukata mguu wa suruali, akasafisha jeraha, akaufunga mguu kwenye kipande cha ubao. Mfupa ulikuwa umetoka nje. Daktari, kijana aliyevaa kandambili kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimelowa chumba cha upasuaji, aliinama akagusa vidole vya mguu kimoja kimoja.

"Mguu bado una uhai," alisema. "Akiingia chumba cha upasuaji leo, atautembelea. Akilala hivi hadi kesho, mama, siahidi kitu. Karatasi ya polisi iko wapi?"

"Mtibu kwanza, daktari, karatasi nitaileta. Sitakimbia."

"Aliyegongwa na gari ni kesi. Kesi bila karatasi siigusi." Alisema bila ukali, kama mtu anayerudia somo lililomchosha. "Mwenzangu aliwahi kugusa. Mgonjwa akapona, yeye akaitwa mahakamani kwa kosa la kuharibu ushahidi. Ushahidi wenyewe ulikuwa mguu wa mtu."

Nesi akamsindikiza Dobi hadi mlangoni. "Si roho mbaya, dada. Kimbia. Ni kipande cha karatasi tu, dakika moja."

Dobi alikimbia akiwa na moyo mwepesi kidogo. Kituoni alikuwa na mtu wake.

*

Mtu wake alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, kifua mbele, ndani ya shati alilopigiwa pasi jana. Dobi alipoingia, macho yao yakakutana, na Serikali akayaondoa ya kwake upesi, akayaegesha ukutani.

"Karibu, mama," alisema. "Tukusaidie nini?"

Dobi alidhani hakumtambua kwa sababu ya vumbi la mkaa. Kisha akamwona Koplo wa zamu, mnene, amekaa kwenye kiti pembeni akijipepea kwa kofia, naye akaelewa kwamba hapa shemeji hayupo. Akajieleza kama mgeni. Alipotaja kwamba aliyegongwa ni mnoa visu, macho ya Serikali yalibanduka ukutani, lakini kifua kilibaki pale pale.

"Mtu alilala vipi?" akauliza Koplo.

"Kifudifudi."

"Sikuulizi hilo. Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Upande huu. Wa Sokoni."

"Na miguu?"

"Reli."

Koplo akatabasamu kama mtu aliyepata karata nzuri. "Basi ni wa Reli huyo. Sisi tunafuata miguu. Mtu husimama kwa miguu, huanguka pale miguu ilipo. Kichwa ni matokeo tu. Nenda Reli, mama, watakuandikia sasa hivi."

"Afande, mguu wake unaoza."

"Na uko Reli. Si umesema mwenyewe?"

Juu ya kaunta kulikuwa na rafu mpya ya mbao, imepakwa rangi, haina kitu. Dobi aliitazama bila kuelewa. Aliielewa alipofika Reli, kwa kuwa huko palikuwa na rafu kama ile, na juu yake kikombe cha fedha chenye maandishi KITUO BORA, ndani yake kalamu na vijiti vya meno. Kikombe kilitolewa kila robo mwaka kwa kituo chenye matukio machache, na kesi isiyo na mshtakiwa, kama ya lori lililotoroka, ilihesabiwa mara mbili.

Sajenti wa Reli alichukua kijiti kimoja humo, akajichokonoa jino, akasikiliza hadi mwisho. Alikuwa na sauti ya upole.

"Wanafuata miguu, eti? Nani aliwafundisha? Sisi siku zote tunafuata kichwa. Kichwa ndiyo roho ya mtu. Ukimkuta mtu amekufa unamtambua kwa miguu?" Akageuza kijiti. "Chombo chake kilianguka wapi?"

"Baiskeli? Mbele ya duka la mbegu."

"Sokoni hapo. Imekwisha! Kichwa kwao, chombo kwao, mtu mwenyewe anakaa kwao. Hawa watu wanataka kikombe chetu, mama, wewe wanakufanya mpira tu. Rudi, waambie Sajenti wa Reli amesema chombo ndicho shahidi mkuu."

Alirudi. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipomfikishia Koplo maneno hayo. Aliketi kwenye benchi la Sokoni na kutazama jinsi jeshi linavyofanya kazi. Koplo aliinuka, akavuta suruali, akaingia chumba cha Sajenti wa pale. Sajenti akatoka na kuingia kwa Inspekta. Inspekta akagonga mlango wa mwisho, wenye pazia, wa Mkuu wa Kituo. Kila mmoja alipiga saluti kwa aliye juu na kumkunjia uso aliye chini. Neno lilipanda likiwa "mtu amevunjika mguu," likashuka likiwa "suala la mipaka." Dobi alifikiria mabeseni yake: ya juu hubaki na maji safi, na povu lote chafu huishia beseni la mwisho, chini kabisa. Chini kabisa alisimama shemeji yake.

Sauti ya Mkuu ilipenya pazia. "Asubuhi! Asubuhi waje na wa Reli, tupime kwa tepu. Na baiskeli iwe mahali pake."

Koplo akarudi. "Umesikia? Asubuhi."

"Asubuhi daktari hataki."

"Sasa mama, mimi ni daktari?"

Serikali ndiye aliyeamriwa kumtoa nje. Alimshika kiwiko hadi penye ngazi, na hapo tu, midomo ikiwa haichezi, akanong'ona: "Shemeji, nenda kakae na kaka. Usiku huu nitalishughulikia. Nakuapia."

Naye Dobi, ambaye alikuwa amedharauliwa tangu mchana, alikuwa tayari kuamini chochote kilichosemwa kwa sauti ya chini.

*

Asubuhi walikuwa barabarani wote: Koplo wa Sokoni, Sajenti wa Reli na kijiti chake, askari wawili wa kushika tepu. Mmoja wa hao alikuwa Serikali. Jua lilikuwa limekwisha kuwaka, ila yeye alikuwa amevaa sweta la sare, limefungwa hadi kooni, jasho likimtiririka masikioni.

Baiskeli ilikuwa imelala upande wa Reli.

Haikuwa karibu na mstari. Ilikuwa imevuka barabara yote na kujikunja kando ya mtaro, mnyororo wake umepangwa vizuri pembeni, na kile kipande cha kijiwe kilichopasuka kimewekwa juu, kama mtu anavyomrudishia mwenziwe kofia.

Sajenti akatoa kijiti mdomoni. "Hii baiskeli ina miguu?"

"Pima ulichokikuta, Afande," akasema Koplo. "Wewe ndiye uliyesema chombo ndicho shahidi."

"Jana mama huyu aliniambia mwenyewe, mbele ya duka la mbegu! Mama! Njoo hapa. Baiskeli ilikuwa wapi?"

Watu walikuwa wamesimama. Muuza Mbegu, ambaye jana aliikanyaga ile baiskeli kufungua mlango wa duka, alikuwa ameinamia gunia la maharage akiyatazama kama anayasoma. Dobi akamtazama shemeji yake. Shemeji akaitazama tepu.

Alijua akisema kweli wataanza upya, kichwa na miguu, mstari na mtaro, hadi mchana, hadi jioni tena. Alfajiri alikuwa ameviona vidole vya mumewe. Vilikuwa na rangi ya maji ya kufulia nguo nyeusi.

"Nilichanganyikiwa," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Nilichanganyikiwa, Afande. Ilikuwa hapa."

"Kwa hiyo jana ulimdanganya afisa wa polisi."

"Nilimdanganya."

"Omba radhi."

Akaomba radhi, mbele ya wateja wake, mbele ya Muuza Mbegu. Sajenti akaridhika kidogo. Aliandika karatasi palepale, ameiegemeza kwenye tandiko la baiskeli, akifikiri sana kati ya sentensi moja na nyingine. Kisha akagonga muhuri, akaikunja mara mbili, akampa.

"Nimekusaidia, mama. Kimbia sasa."

*

Daktari aliifungua karatasi, akaisoma. Akairudia. Halafu akaketi kwenye kitanda kitupu na kucheka, kicheko kibaya, kikavu, hadi nesi akaja kuchungulia.

"Unajua kusoma, mama?"

"Kidogo."

"Hapa wameandika: 'Mwendesha baiskeli aliteleza mwenyewe kutokana na uzembe. Hakuna gari lililohusika.'" Alimtazama Dobi. "Wameandika hivi ili isihesabiwe kuwa tukio. Lakini mtu aliyeteleza mwenyewe si kesi. Aliyeteleza mwenyewe hahitaji karatasi ya polisi. Angeteleza mwenyewe tangu jana, ningemtibu jana."

Dobi alisimama. Mate yalimjaa mdomoni. Akatoka hadi kwenye maua ya hospitali akayatema, yakajaa tena, akayatema tena.

Mguu waliuondoa mchana ule, chini kidogo ya goti.

Mnoaji alipozinduka kabisa, siku iliyofuata, alipapasa blanketi, akakuta pale linapolala bapa. Halafu aliuliza baiskeli iko wapi.

"Kituo cha Reli. Wanasema ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini, kama niliteleza?"

"Waulize wao."

"Na mdogo wangu? Alisaidia?"

"Aliapa atashughulikia. Ndipo karatasi ikapatikana."

"Basi usimlaumu. Wewe huna subira na yule kijana," alisema Mnoaji. "Nenda nyumbani ukaoge. Na umwambie nimemshukuru."

*

Alirudi na shukrani hizo mkononi. Mama mkwe alikuwa mlangoni pale pale, amelia mpaka macho yamekuwa madogo.

"Mwanangu anaendeleaje?"

"Anaongea, Mama. Amekula uji."

"Mungu mkubwa. Keti upumzike." Akasita, akakunja ncha ya khanga yake. "Ila shati la shemejio linakusubiri. Kesho wana gwaride, na sweta haliruhusiwi. Robo mwaka imekwisha, Sokoni wamepata kile kikombe, na Serikali ndiye amechaguliwa kukibeba mbele ya wakubwa, kwa ule urefu wake. Nilitaka kumfulia mimi, akasema nisiliguse, eti mkono wako ndio unaolijua."

Serikali alikuwa chumbani, fulana tu mwilini, anang'arisha viatu. Alisema pole bila kuinua kichwa. Dobi akalichukua shati kwenye msumari, akatoka nalo juani na, kwa mazoea, akalinyanyua akaligeuza huku na huku.

Doa lilianzia begani, likateremka kifuani hadi mfukoni. Lilikuwa jeusi, zito, limejipanga kwa alama ndogo ndogo zinazofuatana, pingili baada ya pingili, kama mnyororo. Alipopitisha kidole alisikia mchanga wa kijivu, wa chembe ndogo, unaokwaruza. Aliujua mchanga ule. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiukung'uta kwenye suruali za mumewe. Ni unga wa kijiwe cha kunolea.

Alirudi chumbani.

"Shemeji. Hii grisi umeitoa wapi?"

Brashi ya viatu ikasimama.

"Kaka yako amenituma nikushukuru," alisema Dobi. "Nilitaka kujua nakushukuru kwa nini."

"Ilikuwa amri," akasema Serikali.

"Amri ya kubeba baiskeli ya kaka yako usiku, begani, ukaivusha barabara?"

"Koplo aliniambia nichague: niihamishe, au kesho yake nihamishiwe mimi mpakani, kule askari wanakokunywa maji na ng'ombe. Na mimi nikawaza, shemeji, wallahi nikawaza: wa Reli wakikuta baiskeli kwao watakosa pa kutokea, wataandika karatasi. Na si waliandika? Bila mimi ungekuwa bado benchini."

Hilo lilikuwa kweli, na Dobi alilipima kwa haki, kwa sababu hakuwa mtu wa kuhukumu upesi. Alilipima ukweli wake wote, akaona unavyonuka.

"Karatasi zilikuwa kwenye kaunta," alisema. "Chini ya mkono wako. Jioni ile ungechukua moja ukaandika."

"Konstebo haandiki, shemeji." Alikuwa karibu kulia. "Koplo anaandika. Sajenti anaandika. Konstebo anabeba."

"Ulikiona kijiwe chake kimepasuka?"

Serikali akairudia brashi, akasugua kiatu ambacho tayari kiling'aa.

"Ulikiweka juu vizuri. Nilikiona."

"Usimgombeze!" Mama mkwe alikuwa ameingia nyuma yao, ukuta ukimshikilia. "Usimgombeze mwanangu. Mwenzake hana mguu, hana baiskeli, hana kazi. Huyu akifukuzwa tutakula nini, sabuni yako? Huyu ndiye aliyebaki na miguu miwili. Mfulie shati lake, mwanangu. Nakupigia magoti."

Na alikuwa akianza kweli kupiga magoti, kikongwe yule, mkono mmoja ukitafuta sakafu. Dobi akamdaka, akamketisha kitandani.

"Sawa, Mama," alisema. "Litakuwa tayari."

Akatoka uani. Muuza Mkaa alikuwa akipita na mkokoteni, mbao zake bado zina damu iliyokauka. Akamtilia makaa kwenye pasi bila kuombwa. Dobi akapuliza hadi yakawaka. Hakuchota maji. Hakuvuta beseni. Alilitandika shati mezani kama lilivyo, akalinyoosha kola, akainyanyua pasi na kuilaza juu ya doa.

Grisi ililia. Moshi mwembamba ukapanda, wenye harufu ya mnyororo na chuma, harufu ya mumewe anaporudi jioni. Alipitisha pasi polepole, begani hadi mfukoni, akarudi, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, mpaka weusi ukaingia ndani ya uzi na kutoka upande wa pili. Kisha akaipiga pasi mikono ya shati, akasimamisha mikunjo ya mabega, wembe kwa wembe, kazi safi kuliko zote alizowahi kumfanyia.

Serikali alikuwa amefika mlangoni, miguu mitupu.

"Shemeji, si ulikuwa ufue kwanza?"

"Leo nimeanza na pasi."

"Na hilo doa?"

"Limeolewa," alisema Dobi, akamkabidhi shati likiwa bado la moto. "Kesho, ukibeba hicho kikombe, kinyanyue juu kabisa. Wakubwa wakuone vizuri begani."